Nguvu ya Mafuta katika Jeki na Presi

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi)



Ndugu mmoja aliniuliza: yawezekanaje mtu mmoja apampu jeki na upande wa behewa uinuke, hali watu ishirini hawauwezi? Siku ile nilimjibu ovyo, maana nilikuwa na njaa. Leo namjibu vizuri.

Siri ni mafuta yaliyofungwa. Hayashindiliki kama hewa. Ukiyasukuma, hupeleka msukumo ule ule kila upande. Mfaransa Blaise Pascal aliliandika jambo hili katika miaka ya 1650. Tuseme pistoni ndogo ina uso wa inchi moja ya mraba, nawe waisukuma kwa ratili 50. Basi kila inchi ya mraba humo ndani itapata ratili 50. Pistoni kubwa ikiwa na inchi 100 za mraba, itainua ratili 5,000, yaani zaidi ya tani mbili.

Lakini hakuna cha bure. Pistoni ndogo husafiri inchi 100 ili kubwa ipande inchi 1 tu. Ndiyo maana twapampu mpaka mabega yauma, na vali huzuia mafuta yasirudi.

Presi ya kwanza ya namna hii, ya maji, ilipewa hati Uingereza mwaka 1795 kwa jina la Joseph Bramah. Taabu yake ilikuwa kuvuja. Nguvu zikizidi, maji yalipenya kando ya pistoni. Wakiikaza sana, ilikwama. Inasemekana aliyeondoa taabu hiyo ni fundi wake, Henry Maudslay, kwa pete ya ngozi yenye mdomo. Maji yenyewe huusukuma mdomo ukabana. Nguvu zikiisha, hulegea. Maudslay alilipwa shilingi 30 kwa wiki. Aliomba nyongeza, akanyimwa, akaondoka mwaka 1797 kufungua karakana yake. Sisemi zaidi, Mwenyekiti ananitazama.

Kwa nguvu hizo hizo presi ya karakana ya reli huingiza gurudumu kwenye ekseli, bila boliti, kwa makumi ya tani. Na mzigo wote huo wategemea pete, siku hizi ya mpira.

Mahali nilipofanya kazi zamani jeki moja ilikuwa ikitoa machozi ya mafuta. Tuliisema mara mbili. Tukaambiwa kazi ni ya dakika tano tu. Mwenzetu akatia mkono chini, hakuna gogo, na jeki ikashuka polepole bila sauti. Vidole viwili vilipondwa. Katika karatasi waliandika kuwa alikuwa mzembe.

Jeki ni ya kuinua, si ya kushikilia. Mzigo ukisha kuinuka, tia magogo ndipo uingie. Tena bomba la presi likitoboka, usilipapase kwa kidole. Mafuta hupenya ngozi kama sindano. Kidonda huonekana kidogo, kumbe ndani nyama yaharibika. Mtu huyo apelekwe hospitali saa ile ile, aseme ni mafuta ya presi. Na jeki inayovuja iandikwe katika daftari, pamoja na tarehe, na nakala apewe mjumbe wa chama.

Pale mezani nimeleta jeki iliyofunguliwa. Njoni mwone pete yake, kisha mniulize.