Vijana na waalimu wao katika wimbo mmoja: maneno juu ya mafunzo ya sanaa



Kamati ya Yubile ilituomba sisi makatekista tuseme juu ya shauri lililo mbele ya parokia: kufungua, wakati wa vakansi kubwa, mafunzo ya sanaa ya majuma matatu kwa vijana wa miaka 13 hadi 18, pamoja na waalimu wa shule zetu. Mafunzo hayo hayatafuti faida. Kijana atakayekubaliwa hatalipa kitu, wala mwalimu hatalipa. Wataimba, watapiga ngoma, watachora, watacheza michezo ya kuigiza, asubuhi mpaka jioni, na watalala katika majengo ya shule.

Tunajua kwamba wengine kati yenu wanalipenda shauri hili na wengine wanalishangaa. Mzee mmoja alituuliza kwa upole: «Bati la kanisa linavuja, nanyi mnataka kufundisha watoto kupiga ngoma?» Swali lake ni la haki, nasi hatutalikimbia. Lakini kabla ya kulijibu, tunawaomba twende pamoja kwanza hadi Kamina, kwa sababu jambo tunalolitaka limekwisha kufanyika katika nchi hii yetu, tena dunia nzima ililisikia.

Mwaka 1953 alifika Kamina Padri Guido Haazen, Mbelgiji wa shirika la Wafransiskani. Alipewa kazi ya shule. Mwaka 1954 alianzisha kundi la waimbaji na wapiga ngoma, likaitwa kwa Kifaransa «Les Troubadours du Roi Baudouin». (Jina hilo ni la wakati ule. Nchi ilikuwa bado chini ya Wabelgiji, wala hatufikiri kwamba watoto wa Kamina ndio waliolichagua.) Kundi lilikuwa na wavulana 45, wa miaka 9 hadi 14, pamoja na waalimu 15 wa shule ileile.

Tunawaomba mpumzike kidogo juu ya hesabu hiyo. Wavulana 45, waalimu 15: kila watoto watatu wana mtu mzima mmoja anayeimba katikati yao. Mwimbaji aliyetangulia sauti, yule tunayemsikia akiwa peke yake katika diski, ni Joachim Ngoi, naye alikuwa mwalimu. Kwa hiyo waalimu hawakusimama pembeni na fimbo mkononi kulinda utulivu. Walikuwa ndani ya wimbo. Mtoto akipotea, sauti ya mwalimu ilikuwa karibu na sikio lake. Tena mwalimu naye alikuwa akijifunza, kwa maana katika mambo ya ngoma si kila mara mkubwa anamshinda mdogo. Hilo linajulikana na kila mtu aliyepata kusimama mbele ya korali.

Tunda la kazi hiyo lilikuwa Misa ile inayoitwa Missa Luba. Iliimbwa mara ya kwanza katika adhimisho la Misa tarehe 23 mwezi wa tatu mwaka 1958, katika misioni ya Mtakatifu Bavo, Kamina. Mwaka uleule kundi lilikwenda Ulaya, likaimba Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani, likasikika pia katika Maonyesho ya Dunia ya Bruxelles. Diski yake ilizunguka dunia. Miaka kumi baadaye, Sanctus ya watoto wa Kamina iliwekwa ndani ya filamu ya Waingereza, na watu wasioweza kuionyesha Kamina katika ramani wakaijua kwa sauti yake.

Mapadri waliopo hapa wanafahamu vema kuliko sisi hali ya liturujia ya mwaka 1958. Misa ilikuwa kwa Kilatini. Baba Mtakatifu Pius XII, katika barua yake ya mwaka 1955 juu ya muziki mtakatifu, alikuwa amekwisha kuwahimiza wamisionari wasidharau nyimbo za mataifa. Lakini Mtaguso wa pili wa Vatikano ulikuwa haujaanza, na hati yake juu ya liturujia ilitolewa tarehe 4 Desemba 1963 tu. Misale ya Kirumi kwa majimbo ya Zaire, ile yenye ngoma na kucheza altareni, ilikubaliwa Roma mwaka 1988. Basi, watoto wa shule pamoja na waalimu wao walitangulia hati ile ya Mtaguso kwa miaka mitano, na Misale kwa miaka thelathini. Hatusemi hivyo kusudi tuwainue juu ya Maaskofu! Twasema tu kwamba jambo hilo lilipofika kwa maandishi, masikio ya Wakristu yalikuwa yamekwisha kutayarishwa.

Na walifanya namna gani? Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Misa ile haikuandikwa kwanza katika karatasi, kisha ikafundishwa. Maneno ya Kilatini yalibaki yaleyale, bila kuongeza wala kupunguza. Lakini yaliwekwa katika namna za kuimba za nchi. Kyrie, yaani «Bwana, utuhurumie», iliimbwa kwa namna ya kasala, wimbo wa Waluba wa kuombolezea wafu na kuita majina ya ukoo. Sanctus ilifuata wimbo wa kuagana. Sehemu nyingi za mapigo, za sauti za kusindikiza na za mapambo zilizaliwa palepale wakati wa kuimba, pamoja na ngoma na ile kyondo, gogo lililochimbwa ndani na kuachiwa mwanya. Karatasi za noti zilizouzwa baadaye zilinakiliwa kutoka katika diski. Maana yake ni kwamba korali za Ulaya na Marekani zinazoiimba leo zinajifunza, neno kwa neno, kitu ambacho watoto wa Kamina walikifanya siku moja mbele ya mashine, na ambacho kesho yake labda wangalikifanya kwa namna nyingine. Mwaka 1990 korali ya Muungano ya Kenya, majirani zetu wa mashariki, iliirekodi tena, tena vizuri sana. Nao pia walikuwa na diski ile mbele yao.

Hatulaumu hata kidogo. Lakini tujiulize: ni nani anayeweza leo kuitwaa Kyrie na kuiimba kwa kasala bila karatasi na bila diski? Ni mtu aliyefundishwa kasala. Na kasala haifundishwi katika saa moja ya juma, siku ya posho alasiri, nusu ya watoto wamekwisha kwenda kuchota maji. Inataka siku nyingi zinazofuatana. Mtoto asikie leo, akosee kesho, apate kesho kutwa, na jioni asikie wazee wakiirudia wakati bukari inapikwa. Ndiyo sababu tunaomba majuma matatu mfululizo wala hatuombi saa moja moja. Korali yetu ya vijana ni hodari, tunaisifu. Lakini kila mtu hapa anajua kwamba nyimbo zake nyingi zinatoka katika simu. Wanazisikiliza, wanaziiga. Wapiga ngoma wetu wawili wanaofahamu mapigo ya zamani wamezeeka, na hakuna kijana anayekaa karibu nao zaidi ya Dominika.

Mtu asifikiri kwamba haya ni ya muziki peke yake. Katika mji wa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, Pierre Romain-Desfossés, Mfaransa aliyekuwa afisa wa jeshi la bahari, alifungua mwaka 1946 mahali pa kuchora palipoitwa Le Hangar. Hakuwapa wanafunzi wake picha za Ulaya kuziiga. Alitaka kila mmoja atafute mkono wake mwenyewe. Bela alichora kwa vidole, bila burashi. Mwenze Kibwanga alijaza picha zake kwa mistari mifupi iliyosongamana. Pilipili Mulongoy alichora ndege, samaki na nyoka kwa subira inayomfanya mtu asimame kimya mbele yake. Watu watatu, mwalimu mmoja, na hakuna atakayechanganya kazi ya huyu na ya yule.

Romain-Desfossés alifariki mwaka 1954. Kwa kawaida kazi ya namna hiyo inazikwa pamoja na mwenyewe. Lakini mjini palikuwa na Akademia ya sanaa iliyofunguliwa mwaka 1951 na Laurent Moonens, na huko Pilipili na Mwenze waliingia, wakawa waalimu. Vijana wengine wakapita mikononi mwao. Hapo tunaona tofauti kati ya mwanafunzi mzuri na mwanafunzi aliyetayarishwa kufundisha. Kama wangalikuwa wachoraji tu, leo tungekuwa na picha zao ukutani, basi.

Mfano mwingine ni wa siku zetu. Kule Kinshasa, mwaka 1994, Armand Diangienda, rubani wa ndege asiye na shule ya muziki, alianzisha orkestra ya Wakimbangu. Violini zilikuwa chache kuliko watu, wakapokezana. Aliyejua kidogo alimfundisha asiyejua, na huyo akamfundisha mwingine. Sisi Wakatoliki wenye shule nyingi na majengo makubwa twaweza kutazama jambo hilo bila wivu, na labda kwa haya kidogo.

Sasa turudi kwa bati la mzee wetu.

Hatuombi hata franka moja ya sanduku la bati. Sanduku hilo lisiguswe. Tunachoomba ni vyumba vinne vya shule, ambavyo katika vakansi vinakaa na mbuzi, unga, maharagwe na ndakala kwa watu sitini, kuni, na mikeka ambayo kila mtu ataileta kutoka kwao. Akina mama wa parokia wamekwisha kupiga hesabu ya chakula, na hesabu yao ni nzuri kuliko yetu. Wazee watakaofundisha ngoma na kasala hawataki mshahara, lakini si haki waondoke mikono mitupu: tumependekeza kitenge kimoja na chumvi kwa kila mmoja.

Wazazi wengine wanaogopa kwamba ngoma itawapeleka vijana katika baa. Twawajibu kwa heshima kwamba njia ya baa wanaijua tayari, bila sisi kuwaonyesha. Wengine wanasema mitihani ya Serikali haiulizi kasala. Ni kweli, haiulizi. Hatuna jibu lingine, isipokuwa kwamba mitihani hiyo iko mwezi wa sita, nasi tutaanza baada yake.

Lakini kuna sharti moja ambalo hatutaliacha, hata kama mtatupunguzia chakula. Waalimu waingie. Wasiwe wasimamizi, wawe wanafunzi pamoja na vijana, wakae katika mistari ileile, wapakwe rangi ileile mikononi. Tunataka mwalimu mmoja kwa vijana watatu, kama kule Kamina. Kijana wa miaka 16 atamaliza shule, ataoa, atakwenda kutafuta kazi katika machimbo ya Kolwezi au mbali zaidi, na alichojifunza kitakwenda pamoja naye. Mwalimu atabaki darasani mwezi wa tisa, na watoto hamsini mbele yake, na mwaka unaofuata wengine hamsini. Tukifundisha vijana peke yao, kila mwaka tutaanza upya kana kwamba hatukufanya kitu.

Tena kuna jambo la majina. Ulimwengu ukitaja Missa Luba, unamtaja Padri Haazen, aliyefariki mwaka 2004, na ni haki atajwe. Mara chache unamtaja Joachim Ngoi. Wale wavulana 45 hawatajwi, ijapokuwa mapambo ya wimbo yalizaliwa vinywani mwao. Wale walio hai leo ni wazee wa miaka sabini na themanini. Hatutaki mambo yawe hivyo kwetu. Kila wimbo utakaotungwa katika mafunzo utaandikwa pamoja na jina la aliyeutunga, la aliyeutolea sauti ya kwanza, na la mzee aliyetufundisha pigo lake, na kitabu hicho kitawekwa katika ofisi ya Padri Paroko pamoja na vitabu vya Ubatizo. Picha zilizochorwa zitakuwa mali ya mchoraji. Parokia itaomba moja tu, kwa ruhusa yake, kwa ajili ya ukumbi.

Kamati itaamua Dominika ijayo, baada ya Misa ya pili. Kwa sasa daftari liko juu ya meza karibu na mlango wa sakristia. Ukurasa wa kwanza ni wa waalimu. Ukurasa wa vijana utafunguliwa ule wa kwanza ukiisha kujaa.