Tumewakalisha Mno Wazee Wetu

Leo nitaanza na habari ya choo. Kama uko mezani unakula niwie radhi, lakini huko ndiko jambo lenyewe lilikoanzia.

Mama yangu mkubwa alitoka Tanga kuja kukaa kwa mwanawe hapa Dar es Salaam akiwa na umri wa miaka 71. Alipofika alikuwa mtu wa kuteka maji, kufagia uwanja, kukaa juu ya mbuzi akakuna nazi mbili tatu, kisha akainuka pale bila kushika mtu wala ukuta. Mwanawe, kijana mwenye adabu, akasema mama amekwisha kufanya kazi ya kutosha. Akamnunulia kochi. Wajukuu wakaonywa: bibi asishike ndoo, asishike ufagio. Akitaka maji analetewa, akitaka kanga analetewa. Majirani waliisifu sana nyumba ile, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Haikutimia miaka mitatu. Asubuhi moja mama mkubwa alikwenda chooni, choo chetu hiki cha kuchuchumaa, akashindwa kuinuka. Akaita. Mkwewe alikuwa sokoni, watoto shuleni. Aliyekuwapo nyumbani ni mwanawe wa kiume. Sina haja ya kuendelea, mnajua desturi zetu. Hakuna aliyelitaja tena jambo lile, ila tangu siku hiyo bibi aliacha chai ya jioni, na jua likishazama hagusi hata maji. Tulidhani hana hamu. Tulikuja kung'amua alipopelekwa hospitali kwa kizunguzungu kwamba alikuwa akijinyima maji ili usiku usimpeleke chooni.

Daktari alimpima kila kitu. Magoti yalikuwa yamelika kidogo, kama ya watu wengi wa umri ule, lakini si magoti yaliyokuwa yakimkalisha. Mapaja ndiyo yaliyokuwa yamekwisha. Tulimhurumia mpaka tukamnyang'anya miguu.

Misuli, ndugu zangu, haina adabu. Usipoipa kazi inaondoka. Kuanzia umri wa miaka 30 hivi kila mtu hupoteza misuli kidogo kidogo, na baada ya 60 mwendo unaongezeka. Mzee wa shamba hupoteza polepole kwa sababu jembe, kuni na kilima vinamdai kila siku. Mzee wa mjini, aliyestaafu akakabidhiwa kochi na televisheni, hupoteza upesi. Halafu siku akianguka tunasema ni uzee.

Je, kilichopotea kinaweza kurudi? Zamani hata madaktari wengi walisita kumpa mzee kitu kizito. Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake wa mjini Boston, Marekani, walichapisha habari ya wazee 10 wa nyumba ya kutunzia wazee, wenye umri wa kati ya miaka 86 na 96. Waliwapa mazoezi mazito ya miguu kwa wiki 8. Mmoja aliachia njiani, wakabaki 9. Nguvu za mapaja ya hao 9 ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, yaani zilikaribia kuwa mara tatu ya zile za mwanzo. Wawili kati yao waliacha mkongojo. Hao ni watu wa miaka 90! Lakini msikilize na upande wa pili: walipoacha mazoezi kwa wiki 4 tu, nguvu hizo zilishuka kwa karibu theluthi moja.

Wazee wale walitumia vyombo vya uzito, ambavyo katika nyumba zetu havipo. Kwa mama mkubwa, msichana wa fiziotherapia alitoa mfukoni kipande cha mpira wa njano, chepesi, kipana kama kiganja, kirefu kiasi cha pima moja. Nami, niseme kweli, nilicheka moyoni. Nilidhani tumepewa kamba ya kufungia mzigo.

Mipira hii ya rangi ilianza kuuzwa mwaka 1978 na kampuni moja ya mji wa Akron, katika jimbo la Ohio. Akron ni mji wa matairi. Huko ndiko zilikozaliwa Goodyear na Firestone, na hata ile General Tire ambayo jina lake lilifika mpaka kiwanda cha Arusha. Rangi ndiyo inayotaja ugumu. Katika mipira ya kampuni hiyo njano ni laini, kisha nyekundu, kijani, buluu na nyeusi. Ule wa njano ukiuvuta mpaka uwe mara mbili ya urefu wake ni kama umeshika kilo moja na robo. Mweusi unapita kilo tatu. Kampuni nyingine zina mpango wao wa rangi, kwa hiyo uliza kabla ya kununua.

Uzuri wake ni kwamba mpira unaanza kwa upole. Chuma cha kilo tano ni kilo tano tangu kinapotoka sakafuni, na kikikuponyoka kinakuangukia mguuni. Mpira ukianza kuuvuta ni mwepesi, na kadiri unavyouvuta ndivyo unavyokaza. Ukichoka unaurudisha taratibu, na huko kurudisha taratibu nako ni nusu ya kazi. Wengi huuachia ukaruka, wakajinyima faida. Ukitaka ugumu zaidi huhitaji kununua mwingine leo: ushike karibu zaidi, ubaki mfupi.

Bibi alianza akiwa ameketi kwenye kiti kigumu cha mbao, mgongo wa kiti umeegemea ukuta. Kochi lilikatazwa. Mpira unapita chini ya wayo, ncha mbili ziko mikononi, goti limekunjwa. Anausukuma mguu mbele mpaka unyooke, anarudi akihesabu mpaka tatu. Mara 10 mguu huu, mara 10 ule. Kisha mpira unapitishwa mgongoni chini ya makwapa, anasukuma mikono mbele kama mtu anayefungua mlango mzito. Mwisho, bila mpira, kusimama na kuketi kwenye kiti kilekile, kwanza akishika meza, baadaye mikono kifuani. Siku tatu kwa juma, ya kati anapumzika. Akifikisha mara 15 bila kuhema, anaupunguza mpira urefu.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawataka wenye umri wa miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya kutia misuli nguvu angalau siku mbili kwa juma, na ya kuimarisha msimamo wa mwili siku tatu au zaidi. Kutembea ni kuzuri, lakini kutembea peke yake hakumtoi mtu kwenye choo cha kuchuchumaa.

Sasa tahadhari, na hapa naomba redio isizimwe. Mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye presha isiyotulia, aliyepasuliwa karibuni au aliyevunjika, aanzie kwa daktari. Usibane pumzi unapovuta. Hesabu kwa sauti, maana anayehesabu lazima apumue. Kagua mpira kila siku: ukiona ufa au tundu, tupa, kwa sababu ukikatika huruka usoni. Usiuanike juani. Usiufunge kwenye kiti chepesi wala kitasa kibovu. Mipira mingi ni ya utomvu wa mti, na wapo ambao ngozi zao huvimba wakiigusa.

Mtaniuliza juu ya tyubu ya baiskeli. Nimewaona wanaoikata wakaivuta, na siwacheki, maana si kila mtu ana fedha ya kununua mpira. Lakini tyubu kwa mzee dhaifu ni ngumu mno, haina kipimo, na ya zamani huwa na nyufa usizoziona. Kwa kuanza, kiti kigumu na kusimama mara 10 ni bure kabisa.

Mama mkubwa alinung'unika wiki nne nzima. Alisema mazoezi ni mambo ya vijana wa mpira wa miguu, na akatutaka tufunge mlango asionekane na majirani akivuta lastiki ndani ya kanga. Mwezi wa tatu aliingia chooni peke yake, akatoka peke yake. Magoti bado yanamuuma wakati wa baridi, na kupanda daladala hataki. Lakini chai ya jioni imerudi, na sasa yuko kwenye mpira mwekundu. Ule wa njano amempa jirani, tena anakwenda kumsimamia.

Tatizo lililobaki ni la mwanawe. Kila akimwona mama anajiandaa kuinuka, anakurupuka kumshika mkono. Juzi nilikuwapo. Bibi alimwondoa kwa kiwiko. "Niache mwanangu," akamwambia, "nimefika saba."