Tangazo ni la wote: maneno yetu kwa wanafunzi na wafanyakazi wa chuo

(Haya ni maneno tuliyosema mbele ya wanafunzi na wafanyakazi wa chuo kimoja hapa Lubumbashi, mwanzo wa mwezi wa tisa. Tunayaweka hapa kwa wale wenye hawakupata fasi mu oditwari, na kwa wandugu wa miji ingine wenye walituomba.)

Wandugu wanafunzi, wadada, walimu wetu, na ninyi wababa na wamama wenye mnafanya kazi mu biro, mu bibliotheke, mu laboratware na ku mlango wa chuo!

Tunajua wengi wenu mlikuja kwa mguu, wengine toka Katuba, wengine toka Ruashi, na jua hili. Asanteni. Hatutawachelewesha.

Siye wenye tunasema hapa, wengi wetu tulimaliza masomo. Diplomi tuko nayo, kazi hatuna. Asubuhi tunavaa vizuri, tunabeba farde mu mkono, tunazunguka mu mji. Jioni tunarudi na farde ileile. Mama anaangalia farde, anaangalia uso, haulizi tena. Wengi wenu mnajua hiyo, ata kama bado mko mwaka wa kwanza, juu kaka yenu au dada yenu anaishi hivyo mu nyumba.

Lakini leo hatukuja kulia. Tulikuja kusema juu ya kitu kidogo sana: karatasi ya tangazo.

Mmoja wetu, wakati alikuwa anamaliza mwaka wa mwisho, alipita mbele ya valve, ule ubao wa matangazo wenye sote tunajua. Akaona karatasi mpya. Ilisema kuko bursi ya kwenda kusoma masteri inje ya inchi. Akasoma pole pole. Pointi, ziko. Umri, unaingia. Masomo yenye wanatafuta, ni yaleyale yake. Akafika chini kabisa: mwisho wa kupokea dosie, tarehe 15. Siku ile ilikuwa tarehe 17.

Akaenda kuuliza mu biro. Wakamujibu kwa heshima kabisa: karatasi ilifika tangu mwezi uliopita, ila mwenye kuipiga muhuri alikuwa mu safari. Mnasikia? Hakuna mwenye aliiba kitu, na hakuna mwenye aliomba pesa. Karatasi ililala mu droo mwezi mzima, na mwaka wa mtu ukalala pamoja nayo.

Tulipoanza kuulizana kati yetu, tukaona kila mmoja iko na hadithi yake. Mwengine alikosa konkuru ya kazi. Mwengine alikosa staji mu kampuni ya migodi, juu tangazo lilipita tu mu kikundi kimoja cha WhatsApp cha watu kumi na mbili. Asistanti mmoja alituambia alisikia juu ya formasyo ya walimu siku wenzake walikuwa wanarudi toka ku ile formasyo.

Kuko na ingine yenye tunapaswa kukiri, juu hatuwezi kunyooshea wengine kidole peke yao. Siye wenyewe tulificha matangazo. Ndiyo. Mmoja wetu alipata tangazo mu simu, akalikalia siku kumi, juu aliogopa rafiki yake wa promosyo moja, mwenye alikuwa na pointi kumupita. Akatuma dosie peke yake. Hakupata. Yule rafiki labda angepata, labda hapana. Hatutajua kamwe, juu hakuambiwa. Mpaka leo wanasalimiana, na mwenye alificha anaangalia chini. Njo maana, wandugu, tunapoomba chuo kifungue droo zake, tunaanza kwa kufungua simu zetu.

Sasa tuseme mambo yenye yako mbele, yenye kila mtu hapa anaweza kuandika mu kaye yake.

Kwanza, wale wa mwaka wa mwisho na wale wenye walikwisha kumaliza. Umoja wa Ulaya uko na masteri zenye zinaitwa Erasmus Mundus. Mtu anasoma mu vyuo vya inchi mbili ao zaidi, na mwenye kupata bursi anapewa euro 1,400 kwa mwezi. Si lazima diplomi iwe tayari mu mkono. Ata mwenye iko mwaka wa mwisho anaweza kuomba. Kila masteri iko na tarehe yake, lakini nyingi zinapokea dosie kati ya mwezi wa kumi na mwezi wa kwanza. Ni kusema, mlango unakaribia kufunguka. Na mtu anaomba moja kwa moja kwa wale wenye wanaendesha hiyo masteri, hapiti kwa mtu wa katikati.

Pili, Uingereza iko na bursi ya Chevening, ya masteri ya mwaka mmoja, na Wakongomani wanakubaliwa. Inapaswa masaa 2,800 ya kazi, karibu miaka miwili. Wengi wanasoma hapo, wanafunga simu: "Siye hatuna kazi, tutatoa wapi masaa?" Musifunge haraka. Kazi ya kujitolea inahesabiwa, na staji inahesabiwa, ata ile isiyolipwa. Ila ile staji ya lazima ya kupata diplomi haihesabiwi. Wewe mwenye unafundisha watoto mu kartye kila siku ya posho, wewe mwenye unasaidia mu santé ya parokia, andika masaa yako tangu leo, na uombe karatasi yenye sinyatire. Mujue pia kama mwenye anapata hiyo bursi anapaswa kurudi mu inchi yake kwa miaka miwili. Siye tunaona hiyo ni vizuri.

Tatu, walimu, asistanti na wafanyakazi. Agence universitaire de la Francophonie, yenye ilianzishwa Montréal mu mwaka 1961, inatoa miito ya mradi na formasyo kwa vyuo vyenye ni memba. Erasmus+ nayo haiko ya wanafunzi peke yao: kama chuo kiko na mapatano na chuo cha Ulaya, mwalimu anaweza kwenda kufundisha kule kwa muda, na mfanyakazi wa biro anaweza kwenda kujifunza kazi. Mama wa bibliotheke mwenye iko hapa, hiyo inamuhusu pia. Ulizeni mu biro: chuo chetu kiko memba wa nini? Kilisaini mapatano na nani? Ile orodha haiko siri ya serkali.

Ine, jirani zetu. Kongo iliingia mu Jumuiya ya Afrika Mashariki mu mwaka 2022. Ile jumuiya iko na baraza la vyuo vikuu, lenye makao Kampala. Wengi wetu tunaangalia Paris na Brussels peke yake, na tunasahau kama kuko vyuo kwa majirani wenye tunasema nao Kiswahili. Kiswahili iko mu Katiba yetu kama lugha ya taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Na tarehe 7 mwezi wa saba ni siku ya Kiswahili mu dunia yote. Chuo chenye kingeliandaa hiyo siku vizuri, kingeliita wageni, na wageni wanakuja na milango.

Tarehe ingine yenye iko karibu: 17 mwezi wa kumi na moja, siku ya wanafunzi mu dunia. Tunaomba chuo kitupe oditwari moja kwa siku ile, kwa kusema juu ya kazi na bursi, wazi wazi, wanafunzi na wafanyakazi pamoja. Na musisahau yetu ya hapa: tarehe 4 mwezi wa sita 1969, wanafunzi wa Lovanium walitembea mu Kinshasa, na waliuawa kwa risasi. Kati ya mambo yenye walikuwa wanaomba, kulikuwa bursi. Leo siye tunaomba tu bursi zenye ziko zitangazwe. Ukilinganisha, ni kidogo sana. Njo maana hatuoni sababu ya kukataliwa.

Neno moja juu ya wezi. Tangazo la kweli linapochelewa, la uongo linafika mbio. Mtu anakutumia ujumbe: umechaguliwa kwenda Kanada, tuma dolari 50 ya dosie. Hujaomba kitu, namna gani umechaguliwa? Erasmus Mundus hailipishi kuomba. Chevening hailipishi kuomba. Kama mtu anakuomba pesa mu simu ili akupatie bursi, ujue bursi ni wewe. Mwenye ameliwa asione haya. Aje aseme, ili mwengine asiliwe.

Basi tunaomba nini? Mambo mane tu, na hakuna lenye linaomba pesa nyingi.

1. Kila tangazo lenye linafika mu chuo libandikwe ku valve mbele ya siku mbili, na liandikwe juu yake tarehe yenye lilifika na tarehe yenye lilibandikwa. Kama mwenye muhuri iko mu safari, muhuri ubakie kwa mwengine.

2. Matangazo ya wafanyakazi yabandikwe fasi moja na ya wanafunzi, pasipo kuchagua nani aambiwe. Mlinzi ku mlango iko na mtoto mwenye anasoma. Naye ana haki ya kusoma valve.

3. Bei ya releve ya pointi na ya atestasyo iandikwe ukutani, pamoja na siku ngapi mtu atangoje. Dosie nyingi hazifi juu ya pointi mbaya. Zinafia mu biro ya apariteri, zinangoja karatasi moja.

4. Mwisho wa kila mwaka chuo kiseme: matangazo ngapi yalifika, watu ngapi waliomba, nani walichaguliwa na kwa sababu gani. Katiba yetu, kifungu cha 24, inasema kila mtu iko na haki ya kupata habari. Hatuombi zawadi.

Tunajua kuko wenye watasema: "Ata tukibandika, ninyi vijana hamusomi." Hiyo nayo ina ukweli ndani yake. Tumeona karatasi zinakaa ku valve wiki tatu, na watu wanaziegemea wakizungumza juu ya mpira. Lakini mwenye kukosa kusoma, kosa ni lake. Mwenye kukosa kuonyeshwa, kosa ni la nani?

Wengine watasema: "Ninyi mnataka watu wote wakimbie inchi." Hapana. Tunataka mtu asome, arudi, akute vijana wenye alisaidia wanamungojea. Kifungu cha 36 cha Katiba kinasema kazi ni haki na ni wajibu mtakatifu kwa kila Mkongomani. Siye tunataka kutimiza huo wajibu. Tunaomba tu watuonyeshe mlango uko wapi.

Na siye, tunaahidi nini? Hatuna biro, hatuna gari. Tuko na miguu na simu. Kila siku ya kwanza asubuhi, wawili wetu watapita ku valve, watapiga picha kila karatasi, na kuzituma mu vikundi vyote vya promosyo kupitia CP. Mwenye hana mega, tutamuandikia mu kaye. Kila siku ya posho, saa tatu asubuhi, tutakaa chini ya miti nyuma ya bibliotheke, kwa kusaidia mtu kuandika barua yake na kupanga dosie. Wenye wanajua Kingereza waje kusaidia wenye hawajui. Mwalimu mwenye anaweza kutoa saa moja kwa kusoma barua za wanafunzi, tutamushukuru mbele ya watu wote. Ni bure. Mwenye ataomba pesa chini ya ile miti, ujue haiko mwenzetu.

Yule mwenzetu wa tarehe 17, mnataka kujua iko wapi? Iko hapa, mu oditwari hii. Bado hajapata bursi na bado hana kazi. Lakini ni yeye mwenye atapita ku valve siku ya kwanza yenye inakuja. Alituomba yeye mwenyewe tumupe hiyo zamu, juu anajua maana ya siku mbili.

Wandugu, kabla ya kutoka hapa, kila mmoja afungue simu yake. Kama kuko tangazo lenye unaficha, litume kwa mtu mmoja. Sasa hivi, mbele ya kufika mu nyumba. Ukiogopa atakupita, litume tu. Akikupita leo, kesho atakuita.

Tuonane siku ya posho, saa tatu, chini ya miti.