Utani Una Masharti: Namna ya Kulijibu Neno Lililoteleza



Sensa ya mwisho kuwauliza Watanzania makabila yao ilikuwa ya mwaka 1967. Serikali iliacha kuyahesabu, sisi tunaendelea. Mchaga akipewa kutunza michango ya darasa, huambiwa kwamba kwao pesa iko damuni. Mmasai akiongoza mtihani, husifiwa kwa mshangao. Mwenye asili ya Kihindi, mzaliwa wa Upanga, Dar es Salaam, kama baba na babu yake, hupongezwa kwa kujua Kiswahili.

Wasemaji hawa hawana nia mbaya, na wengine hudhani wamesifu. Ndio ninaowazungumzia jioni hii, si wachochezi. Uchochezi una sheria zake: Kenya, baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007 zilizoua watu zaidi ya 1,000, ilitunga mwaka 2008 sheria ya utangamano wa kitaifa inayoadhibu kauli za chuki. Neno lililoteleza halifiki mahakamani, ila humfikia mlengwa.

Naye akilalamika, hunyamazishwa: “Ni utani tu.” Kinga hiyo tuipime kwa kipimo chake chenyewe. A. R. Radcliffe-Brown, mwanaanthropolojia wa Kiingereza, aliandika makala mashuhuri juu ya mahusiano ya utani mwaka 1940, lakini Wazaramo na Wanyamwezi hawakumsubiri. Utani wao unahusishwa na misafara ya biashara ya karne ya 19. Ulikuwa na masharti. Anayetania leo alijua kesho ni zamu yake kutaniwa, wala hakuruhusiwa kununa. Jamii nzima ilijua nani mtani wa nani; mtu hakuamka tu akajitangaza mtani. Zaidi ya yote, utani ulibeba wajibu. Msibani mtani ndiye aliyeshika kazi, huku akiwachekesha wafiwa na kulizuia jeneza mpaka apewe chochote. Haki ya kunicheka aliilipia kwa jasho la kaburini.

Sasa, kuna utani gani baina ya mkuu wa idara na karani wake? Karani akilirudisha neno lilelile, atalala na amani? Upande mmoja ukicheka na mwingine ukaogopa kujibu, huo si utani tena.

Tujibuje, basi? Aliyeguswa anaweza kuuliza kwa sauti ya kawaida: “Kwa nini umesema hivyo?” Msemaji atalazimika kuieleza dhana yake, na dhana nyingi haziwezi kuelezwa mbele za watu bila mwenyewe kuona aibu. Tuiseme kauli, tusimbandike mtu jina. Ukimwita mbaguzi, mjadala wote utahamia kwenye tabia yake. Marafiki watamtolea ushahidi, na kauli itaponyoka bila kujibiwa.

Hata hivyo, si haki kumwachia aliyeumia kazi ya kufundisha kila siku. Aliye pembeni ana nafasi bora zaidi. Akisema, “Ndugu, hilo halijakaa vizuri,” hakuna atakayemwambia kwamba ana hasira za karibu au anajitetea. Ukimya wake, kwa upande mwingine, huhesabiwa kuwa kicheko.

Na msemaji naye, akiambiwa, asianze kuieleza nia yake, hakuna aliyeishuku. Aseme, “Samahani, sikulifikiria,” kisha mazungumzo yaendelee. Radhi ndefu humgeuza aliyeumizwa kuwa mfariji wa aliyemuumiza.

Kamati ya nidhamu isiwe mlango wa kwanza, kwa sababu mtu aliyeteleza anahitaji kuelekezwa na wenzake. Lakini anayerudia baada ya kuambiwa hajateleza. Amechagua, na hapo kamati ina kazi. Na yule anayeng’ang’ania kwamba ni utani, tumkubalie kwa masharti yote ya utani: atutanie, tumtanie, na tukifiwa aje kuchimba kaburi.