Chombo Kinachovutwa Upande



Mwenzangu mmoja ana mashua ya matanga katika hori ya Kilifi. Upepo ukilala, huwasha injini ya dizeli. Siku moja tulitoka pamoja, bahari ikiwa shwari, akaniachia kana nishike. Loo! Ilivuta hata bega likauma. Nilipoilegeza kidogo nijifute jasho, omo iligeuka kushoto ghafula, tukakosa kuipiga ngalawa ya mvuvi kwa kadiri ya hatua mbili tu. Nilitetemeka.

Wenye maneno hawakukosa. Mmoja alisema ni mkondo wa maji. Mwingine alisema usukani umepinda. Mwenye mashua alikuwa tayari kuagiza usukani mpya, na bei yake si mchezo. Ndipo mzee mmoja, fundi wa vyombo, akamwambia, “Mwanangu, usitupe kitu kabla hujakijaribu. Twendeni majini.”

Kwanza alitaka tugeuze chombo turudi tulikotoka. Kana ikavuta vile vile. Basi si mkondo wala upepo, maana hivyo vingebadili upande. Pili, aliongeza mwendo wa injini, mvuto ukazidi. Akaupunguza, nao ukapungua. Tatu, mashua ikiwa mbioni, akatoa gia. Chombo kikateleza chenyewe, na papo hapo kana ikawa nyepesi. “Usukani uliopinda,” alisema, “ungalivuta hata sasa.”

Sababu ilikuwa rafadha. Rafadha haitupi maji nyuma sawasawa. Huyazungusha kama mtu asokotaye kamba, nayo huupiga usukani upande mmoja zaidi ya wa pili. Rafadha nyingi, ukizitazama kutoka tezi chombo kikienda mbele, huzunguka kwa kulia, na omo hupenda kwenda kushoto. Huo si ugonjwa, ni tabia. Lakini ukizidi hutibiwa.

Maji yalipokupwa, mzee alikwangua makome kwenye rafadha na usukani, akautikisa usukani aone kama umelegea. Kisha akafunga kibati kidogo kwenye ukingo wa nyuma wa usukani, akakipinda kidogo kuelekea kushoto. Nikamwuliza, “Mzee, mbona upande ule ule unaovutwa?” Akajibu kwamba maji yakikipiga kibati, yatausukuma usukani urudi kulia. Tukajaribu, akapinda tena kidogo, tukajaribu tena. Jioni ile nilishika kana kwa vidole viwili.

Akatuonya jambo moja: mkirudi kinyumenyume, shikeni kana kwa nguvu, maana maji yaweza kuutupa usukani upande na kumwumiza mtu.

Wapenzi, Yakobo katika waraka wake alitaja jinsi usukani mdogo unavyogeuza merikebu kubwa. Mimi nilijifunza kwamba hata huo usukani husukumwa na kitu kisichoonekana. Mtoto akirudi nyumbani na ukali, au mume akianza kunyamaza, upesi twasema, “Amepinda huyu.” Je, tumemjaribu kwa saburi, jambo moja moja, tujue ni nini kinachomsukuma? Huenda hahitaji kutupwa. Huenda ahitaji kibati kidogo tu, na mtu wa kurudi majini pamoja naye mara ya pili na ya tatu.