Hati Isiyo na Mzizi Haimlindi Mnunuzi



Tumekuja kuzungumzia ununuzi wa nyumba ambayo hati zake zina utata. Huenda wengine wakauliza jambo hili lahusianaje na mageuzi. Lahusiana sana. Enzi za chama kimoja, na hata baada ya vyama vingi kuruhusiwa mwaka 1991, ardhi ya umma iligeuzwa kuwa zawadi ya utiifu. Viwanja vya shule, misitu na hifadhi za barabara viligawiwa wachache, nao wakaviuza kwa raia wenye akiba za jasho lao. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 iliyaanika hayo. Mnyakuzi aliondoka na fedha, mnunuzi akabaki na karatasi.

Je, karatasi hiyo yamlinda? Kifungu cha 40(6) cha Katiba ya mwaka 2010 chasema kwamba ulinzi wa mali hauihusu mali iliyopatikana kinyume cha sheria. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 nayo yaruhusu hatimiliki kupingwa ikiwa ilitolewa kwa ulaghai, kwa ufisadi au bila kufuata utaratibu.

Mwezi Aprili 2023, Mahakama ya Juu iliamua kesi ya kiwanja cha ufuoni Nyali, Mombasa, alichogawiwa rais wa wakati huo mwaka 1989. Kampuni iliyokinunua baadaye ilijitetea kuwa mnunuzi mwenye nia njema. Mahakama ilisema kwamba kuonyesha hati hakutoshi. Sharti mzizi wake uwe halali tangu ugavi wa kwanza. Ardhi ilikuwa ya umma, na kampuni ikashindwa. Mwaka huohuo Mahakama hiyo ilisisitiza kwamba barua ya kugawiwa kiwanja si hatimiliki.

Msidhani haya ni ya matajiri tu. Novemba 2011, nyumba za wananchi zilibomolewa Syokimau, katika ardhi iliyodaiwa kuwa ya uwanja wa ndege. Aliyejenga kwa mkopo alipoteza paa, na deni likabaki.

Basi kabla ya kutoa hata shilingi moja, tufanye yafuatayo.

Kwanza, tuchunguze rekodi katika masjala ya ardhi sisi wenyewe au kupitia wakili wetu, wala si kwa nakala aliyotuletea muuzaji. Tuulize ardhi ilitoka kwa nani, lini, na kwa idhini ipi. Mpimaji atuonyeshe mipaka, na majirani watueleze historia ya mahali.

Pili, tujihadhari na cheti cha hisa cha kampuni ya kununua ardhi. Hicho nacho si hatimiliki.

Tatu, ikiwa mwenye nyumba amefariki, warithi hawana mamlaka ya kuiuza kabla mahakama haijathibitisha usimamizi wa mirathi. Ikiwa ni nyumba ya ndoa, mume au mke sharti akubali. Ikiwa ni shamba katika eneo la udhibiti, idhini ya bodi ya ardhi iombwe ndani ya miezi 6. Bila idhini hiyo mauzo ni batili.

Nne, mapatano yawe kwa maandishi, yenye sahihi na mashahidi. Nabii Yeremia aliponunua shamba la Anathothi kwa shekeli 17 za fedha, alitia sahihi, akaweka muhuri, akaita mashahidi. Ikiwa nabii hakutegemea neno la mdomo baina yake na binamu yake, sisi ni nani?

Mwisho, tusiwe na sehemu katika shamba la Nabothi. Bei rahisi ya kiwanja cha shule hulipwa na watoto wasio na uwanja. Kila kanisa na kila tawi la harakati lilinde ardhi ya umma iliyo jirani nalo, na lidai rekodi zake ziwe wazi. Mnyakuzi asipopata mnunuzi, wizi wake hauna soko.