Kijani Kilichozidi

Somo: Luka 10:38–42

Leo nataka tuongee juu ya bustani moja niliyoiona Uingereza, nyuma ya nyumba ya mama mzee mjane aliyenikaribisha nilipokuwa huko masomoni.

Chini ya miti yake palikuwa na mmea mdogo ambao kwa lugha yao huitwa nyinyoro ya mabondeni. Huu ni mmea wa misitu ya nchi za baridi. Hupenda kivuli na udongo wenye unyevu, na mwezi wa Mei hutoa maua meupe mfano wa kengele ndogo, yenye harufu tamu. Lakini una sumu toka jani hata mzizi, wala hautiwi kinywani.

Wa yule mama ulikuwa wa aina ya pekee: kila jani lilikuwa na mistari myeupe toka chini hata ncha. Asubuhi moja nilimkuta amepiga magoti, anachimbua machipukizi ya kijani kitupu, yenye afya kabisa. Nikamwuliza, "Mama, mbona unang'oa yaliyo mazuri?"

Akanieleza. Sehemu nyeupe ya jani haina ule ukijani unaoutengenezea mmea chakula kwa nuru ya jua. Kwa hiyo mche wenye mistari hukua polepole. Pengine hutokea chipukizi la kijani kitupu. Hilo lina nguvu, na mizizi yake hutambaa chini kwa chini kama sangari ya mashambani kwetu. Ukiliacha, mwisho bustani yote ni kijani. Tena kivuli kikizidi, mistari yenyewe hufifia. Ndiyo sababu alipunguza matawi ili jua la asubuhi lipenye.

Ndugu msikilizaji, angalia: kijani kile si magugu. Ni mmea ule ule. Kosa lake ni kuchukua nafasi ya kilichopandwa.

Miaka mingi baadaye niliyakumbuka hayo. Nilikuwa na kamati, semina na harambee, yote kazi ya Bwana. Jioni moja mke wangu akaniuliza kwa upole, "Baba watoto, je, nasi tuandikishe majina kwa katibu ndipo tukuone?" Sikuwa na jibu. Hata maombi yangu ya alfajiri yalikuwa yamenyamaza zamani.

Wiki ile nilijiuzulu kamati mbili. Wazee wengine walinung'unika, nami niliona haya. Lakini Martha naye hakukosa kwa kupika. Alikosa nafasi ya kuketi.

Leo, kabla ya kulala, jiulize: ni jambo gani jema linalosonga lililo bora nyumbani mwangu? Ling'oe lingali changa.

Na tuombe. Bwana, tupe macho ya mtunza bustani, na moyo wa kuachilia. Amina.

Kwaherini.